Maziwa hayakupanda? Anza na majani, kisha ndoo

Malalamiko yanayofika maabara yetu ya vyakula vya mifugo siku hizi yanafanana: "Nimemwongezea ng'ombe kilo tatu za chakula cha dukani, maziwa yako palepale, chakula ni feki." Chakula kibovu kipo, hatukatai. Ila mara nyingi swali letu la kwanza humuudhi mlalamikaji: malishoni kulikuwa na majani kiasi gani?

Ng'ombe anayeshiba chakula cha nyongeza kwenye ndoo hupunguza kula majani. Malisho yakiwa tele, kilo moja ya nyongeza inaweza kumwachisha zaidi ya nusu kilo ya majani, ukihesabu uzito bila maji. Umebadilisha chakula tu, hukuongeza. Majani yakiwa haba ndipo nyongeza inapolipa, takriban lita moja ya maziwa kwa kila kilo. Na ng'ombe aliyezaa juzi si sawa na mwenye miezi minane ya kukamuliwa. Huyu wa pili anajinenepea badala ya kuongeza maziwa.

Kipimo kiwe mizani. Kopo si kipimo, tumeshalisema sana. Ongeza polepole kwa wiki mbili, usizidishe kilo mbili au tatu kwa mlo mmoja. Wanga mwingi wa ghafla hulijaza tumbo asidi, ng'ombe anaacha kucheua na mafuta kwenye maziwa yanashuka.

Bado una shaka? Leta sampuli, lakini iliyochukuliwa ipasavyo. Chota kutoka mifuko kadhaa ambayo haijafunguliwa, juu, katikati na chini. Changanya juu ya turubai kavu, tandaza, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia hadi ibaki kama kilo moja. Gawa mara mbili: nusu yetu, nusu ibaki kwako imefungwa. Andika namba ya toleo na tarehe ya kufungua, na utunze lebo na risiti. Konzi moja kutoka mfuko uliokaa wazi mwezi mzima haimtii hatiani muuzaji yeyote.

Chenye ukungu usikilishe, wala usikichanganye na kizuri eti kipungue makali. Sumukuvu, sumu ya ukungu (aflatoksini), huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha juu cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu 0.05 tu. Tangi la kukusanyia maziwa likizidi kiwango hukataliwa lote, pamoja na maziwa ya jirani aliyelisha vizuri.