Kichwa si ubao wa kufuta

Jumatatu hii alinijia mama mmoja, fundi cherehani, ambaye tumekuwa tukionana tangu mwezi wa pili kwa sababu ya kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Tulikuwa tumekubaliana aende ufukweni Shangani, hapa Mtwara, jioni tatu mfululizo, akae dakika 15 na kutazama maji: zoezi la kuwa makini, ambalo kwa Kiingereza huitwa mindfulness. Alikwenda zote tatu. Akakaa mbele yangu, mkoba mapajani, akasema: "Dada, mie hicho kitu kimenishinda. Mawazo hayatoki."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia yatoke. Kumbe aliwahi kuhudhuria semina fulani, mkufunzi akawaambia wafumbe macho, watoe mawazo yote, kichwa kibaki kitupu.

Nina miaka 11 katika uuguzi wa afya ya akili hapa Mtwara, na maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wanafunzi wa chuo, kwa bodaboda, kwa wauguzi wenzangu. Kila mmoja anafika akiwa ameshajihukumu kwamba ameshindwa, na alichoshindwa ni jambo lisilowezwa na mtu yeyote. Nimechoka kulieleza kwa mmoja mmoja, acha nilieleze hapa.

Moyo kazi yake kudunda, ubongo kazi yake kuwaza. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake huko Marekani walieleza kwamba yako maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana shughuli maalumu ya kufanya. Maana yake, ukikaa tu, ndipo kuwaza na kuwazua kunapopamba moto. Na kabla ya hapo, mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia kichwani wapige kengele. Walizipiga sana. Wewe jaribu tu mwezi wa Ramadhani, saa kumi alasiri, kujizuia usimfikirie nguru wa kukaanga. Ukiliamrisha wazo litoke, inabidi uweke mlinzi mlangoni wa kuangalia kama limetoka kweli, na mlinzi huyo anashinda analifikiria wazo lile lile. Ndiyo maana yule mama alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyokwenda.

Kinachofanyika ni hiki. Unachagua nanga, kitu kimoja cha kukirudia: mstari wa maji, upepo shavuni, sauti ya majani. Unakiangalia. Baada ya muda mfupi akili inaondoka, inakwenda kwenye ada ya shule au kwenye maneno ya wifi. Hujui kwamba imeondoka. Upo huko nayo. Halafu ghafla unashtuka. Unarudi kwenye nanga, hujitukani, hujipigi ngumi ya paja. Basi. Kule kushtuka na kurudi ndiko zoezi lenyewe. Aliyeondoka mara 40 katika dakika 15 na akarudi mara 40, amefanya zoezi mara 40. Naomba hapa nieleweke, kwa sababu watu huitikia kwa kichwa, kisha wiki inayofuata wananiambia "leo nilikuwa vizuri, niliondoka mara chache tu." Idadi si alama za mtihani. Siku uliyoondoka mara nyingi huenda ndiyo siku uliyoshtuka mara nyingi. Na ile siku uliyodhani hukuondoka kabisa, mara nyingine ulikuwa umesinzia.

Wengi ninaowahudumia ni Waislamu, na kwao sihitaji mfano wa mbali. Nani kati yetu husali adhuhuri kwa khushui, moyo umetulia, tangu takbira hadi salamu, kila siku? Unaanza vizuri na Alhamdu, ukifika rakaa ya tatu uko sokoni unabishana bei ya unga. Ghafla unashtuka: hii ya tatu au ya nne? Fiqhi, elimu ya sheria za ibada, haikusema kwamba mtu huyo hana sala. Imemwekea sijda ya kusahau, akasujudu mara mbili, akatoa salamu. Wazee wa elimu walijua akili ya binadamu inatangatanga, wakaweka njia ya kurudi badala ya kumfukuza msikitini. Mkatoliki aliyepoteza hesabu ya Salamu Maria naye anajua: punje ya rozari iko kidoleni, inamrudisha. Sasa kwa nini mtu huyo huyo, akikaa ufukweni, ajilazimishe kuwa na kichwa kitupu?

Neno la Kipali ambalo Wabudha wanaliita jambo hili ni sati, na asili yake ni kukumbuka. Dhikri nayo, kwa Kiarabu, ni kukumbuka. Sisemi ni kitu kimoja. Lengo si moja na kinachokumbukwa si kimoja. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili ziliona tatizo ni usahaulifu, si wingi wa mawazo.

Na hapo hapo naijibu hofu ninayoletewa kila mara na akina mama wa Mikindani, kwamba kichwa kikiwa tupu jini anapata pa kuingia. Habari za majini nawaachia wenye elimu yake. Ila hakuna kichwa kinachoachwa tupu hapa. Mtu anatazama maji kwa makini, na anajua kwamba anatazama maji.

Sasa kwa nini nje, kwa nini bahari. Mafunzo ya wiki 8 ya zoezi hili, ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, yanatumia sana pumzi kuwa nanga, na kwa wengi pumzi inafaa. Mimi sianzi nayo. Mtu ambaye shida yake ni kifua kubana na moyo kwenda mbio, ukimwambia asikilize pumzi unampeleka palepale panapomtisha. Nimewahi kufanya kosa hilo, na dada niliyekuwa naye alitoka chumbani analia, anahema kama aliyekimbizwa. Tangu hapo naanza na kitu kilicho nje ya mwili, kinachotembea chenyewe bila kumtegemea mtu.

Maji ya bahari yanafaa kuliko yote ninayoyajua. Nachomeka kijiti mchangani hatua chache juu ya maji wakati yanajaa, nakaa, nasubiri yakifikie. Ni hilo tu. Lakini lina mambo ndani yake. Maji hayaji kwa mwendo mmoja: baada ya kupwa hujivuta, hushika kasi saa ya tatu na ya nne, kisha hulegea tena. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye ufukwe wa tambarare ukipepesa macho yameshakupita. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya katikati ya bamvua mbili, yanasogea kidogo kidogo, na hapo akili inapata nafasi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi kabla wimbi halijagusa kijiti. Kisha saa ya maji inahama karibu dakika 50 kila siku. Wanaofuata maelekezo ya kwenye simu wananiambia lazima ukae saa kumi na moja alfajiri kila siku, usikose. Bahari haina ratiba hiyo. Muulize mchokoa pweza: yeye hutoka maji yanapomruhusu. Napenda watu waanze kwa kujua maji ya leo yakoje, kwa sababu hilo peke yake linawatoa kichwani mwao na kuwaweka mahali walipo.

Kwenye mikoko nafanya tofauti. Namwambia mtu atafute mchu, ule ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza kwenye tope kama penseli, aguse jani kwa ncha ya ulimi. Lina chumvi, kwa sababu mti ule unaitoa chumvi kupitia majani. Watu waliozaliwa hapa hapa wamekaa miaka 40 bila kulijua hilo. Macho yao yanabadilika. Kwa dakika kadhaa hawana haja ya mimi kuwaambia wawe makini.

(Nawaomba wanaokuja na spika kupiga sauti ya mawimbi iliyorekodiwa, huku mawimbi yako mbele yao, waziache nyumbani.)

Jambo la pili linaloniudhi, na limejificha zaidi: kwamba bahari inatuliza, basi mpeleke mgonjwa baharini atatulia. Hapana. Ninaye mama ambaye mumewe alitoka na ngalawa msimu wa kusi, hakurudi. Kwake sauti ya maji si kitulizo. Naye tunakaa chini ya mkorosho, nanga yake ni mwanga unaopita katikati ya majani. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na watu wa hapa wakahamishwa kwenda sehemu salama, kilikwenda kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka, Msumbiji. Lakini baada yake nilipata watu ambao upepo mkali tu uliwatosha kutetemeka. Na wavuvi wanaishi na bahari maisha yao yote, wana wasiwasi na sonona kama watu wengine. Kukaa karibu na mazingira si dawa inayoingia yenyewe mwilini.

Ushahidi upo, lakini tuusome vizuri. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo, ambao dirisha lao lilitazama miti, waliruhusiwa mapema na wakahitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa wagonjwa 46 tu, hospitali moja. Wajapani wana shinrin-yoku, kuoga msitu, jina lililotolewa na idara yao ya misitu mwaka 1982. Mwaka 2019 utafiti wa Mathew White na wenzake, kwa watu karibu 20,000 wa Uingereza, uliona kwamba wanaokaa kwenye mazingira ya asili dakika 120 au zaidi kwa wiki wanajieleza kuwa na afya njema zaidi. Sasa, je, mazingira ndiyo yaliyowapa afya, au wenye afya ndio wanaotoka nje? Nami kwa watu wangu nina shaka hiyo hiyo. Anayekwenda Shangani ametembea, ameacha simu, amepata robo saa bila mtu wa kumtuma, na mara nyingine amepata mtu wa kuongea naye njiani. Kipi kilichomrudishia usingizi? Nimejaribu kuvitenganisha, vinakataa kutenganika, na naogopa kuwaahidi watu bahari wakati huenda kilichofanya kazi ni ile robo saa.

Lipo pia lisilosemwa kwenye semina. Wako wanaozidiwa. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, sitaki akae peke yake kimya akisikiliza. Aliyepitia mambo mazito anaweza kuletewa yote kwa mkupuo pale anaponyamaza. Huyo aanze na dakika 2, macho wazi, mtu pembeni. Anayetumia dawa aendelee na dawa. Na mkulima ambaye malipo ya korosho hayajaingia na mwenye duka la pembejeo anamfuata mlangoni, nikimwambia atazame mawimbi nitakuwa nimemkosea adabu. Kwanza tuzungumze deni.

Turudi kwa fundi wangu. Nilimuuliza: "Mama, ulijuaje kwamba mawazo yalikuwepo?"

Akafikiri. "Nilishtuka maji yameshapita kijiti, mie sikuyaona."

"Ukafanyaje?"

"Nikakihamisha kijiti juu, nikaanza tena."

"Mara ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akanitazama. "Kwa hiyo zile ndizo?"

Nikamwambia ndizo. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza Jumamosi maji yanapwa saa ngapi. Ni bamvua, karibu saa nne asubuhi. Akasema ana sare za shule za kumalizia, atafika saa tano na nusu, maji yakiwa yameanza kurudi.