Eti vita vinainua uchumi? Tuongee ukweli kuhusu gharama za vita na mipango ya usalama

Kila vita vikianza mahali lazima utasikia mtu anasema "hapo kuna watu wanapiga hela, uchumi wao utapaa". Inaniuma kusikia hivyo, maana watu wanafanya maamuzi makubwa wakiwa wameshika hesabu ya uongo.

DHANA: Vita vinakuza uchumi, si unaona Marekani ilivyotoka kwenye mdororo wa uchumi kwa Vita vya Pili vya Dunia.

UKWELI: Ajira zilikuja kweli, wasio na kazi walikuwa kama asilimia 14 mwaka 1940, kufika 1944 wamebaki kama asilimia 1 tu. Sasa uliza hao watu walikuwa wanatengeneza nini, ni vifaru, mabomu na meli za kivita, na mamilioni wengine walikuwa wamevaa sare tu wako vitani. Kuanzia Februari 1942 viwanda vya magari viliacha kabisa kutengeneza gari za raia, sukari kwa mgao, nyama kwa mgao, petroli kwa mgao, yaani mshahara unao ila cha kununua hakipo. Trekta ukilitengeneza leo litalima miaka, bomu likishalipuka basi, na huko lilikoangukia limebomoa cha mwenzio. Mchumi Mfaransa Frédéric Bastiat alishalieleza hili mwaka 1850, kwamba dirisha likivunjwa kila mtu anamuona fundi wa vioo akipata kazi, lakini hakuna anayemuona fundi viatu aliyekosa oda kwa sababu hela ya mwenye nyumba imeishia kwenye kioo.

Halafu Marekani viwanda vyake havikupigwa mabomu. Angalia Uingereza, nayo ilishinda vita hivyohivyo, lakini mkate ambao haukuwahi kuwekwa kwenye mgao wakati wa vita uliwekwa 1946, amani ikiwa imesharudi, ukatolewa 1948, na mgao wa vyakula ulikuja kuisha kabisa 1954. Mkopo Waingereza waliochukua kutoka Marekani baada ya vita wamemaliza kuulipa Desemba 2006. Na hao ni washindi.

DHANA: Serikali haiwezi kuingia vitani bila kujua itatumia shilingi ngapi.

UKWELI: Inaingia. Kabla ya vita vya Iraq, wakubwa wa Marekani walikuwa wanataja dola bilioni 50 mpaka 60. Lawrence Lindsey, mshauri wa uchumi wa rais, alisema 2002 kwamba inaweza kufika bilioni 100 hadi 200, ikulu haikuipenda hiyo namba na kabla mwaka haujaisha akawa ameshaondoka kazini. 2008 wachumi Joseph Stiglitz na Linda Bilmes wakapiga hesabu upya wakiweka na riba ya madeni pamoja na matibabu ya wanajeshi waliojeruhiwa, wakafika dola trilioni 3!

DHANA: Vita vikiisha na bili imeisha.

UKWELI: Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865. Mtu wa mwisho kulipwa pensheni ya vita hivyo, binti wa askari, amefariki 2020, alikuwa bado anapokea dola 73.13 kila mwezi.

DHANA: Bajeti kubwa ya ulinzi ndio usalama wenyewe.

UKWELI: Ufaransa ilimwaga hela nyingi kwenye ngome za Maginot, mstari wa ngome kwenye mpaka wake na Ujerumani, na ngome zenyewe zilikuwa imara, shida ni kwamba Mei 1940 Wajerumani walipitia msitu wa Ardennes ambako wakuu wa jeshi la Ufaransa waliopanga ulinzi waliamini jeshi kubwa la vifaru haliwezi kupita haraka, na wiki sita baadaye Ufaransa ikasaini kusitisha mapigano. Mtu unajipanga kwa vita unavyovijua, adui naye anakusoma umejipanga wapi.

Juzijuzi imetokea tena. Dunia ilitumia kama dola trilioni 2.7 kwenye majeshi mwaka 2024, lakini Umoja wa Ulaya ulipoiahidi Ukraine makombora milioni moja ya mizinga mpaka Machi 2024, tarehe ikafika hayajatimia. Hela ilikuwepo jamani. Kilichokosekana ni baruti, mashine na mafundi, maana kwa miaka mingi mipango iliandikwa kwa ajili ya vita vifupi, na viwanda vilishapunguzwa kufuata mipango hiyo.