Viendelezi 17 kwenye mashine moja ya steshenari

"Fundi, hii mashine imerogwa," mama mwenye duka aliniambia kabla hata sijamaliza shikamoo. Ukifungua Chrome, unaweza kwenda kununua maji ng'ambo ya barabara ukarudi ukakuta ukurasa bado unajivuta. Ukitafuta kitu Google, majibu yanaletwa na tovuti nyingine kabisa ambayo hakuna mtu pale dukani aliyewahi kuisikia. Na vijana waliokuja kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo walikuwa wamepanga foleni hadi barazani.

Mashine yenyewe ni ile ya kawaida ya steshenari zetu: RAM GB 4, diski ya kizamani, intaneti ya kurushiwa kutoka simu. Niliandika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, nikahesabu. Viendelezi 17. Vya kugeuza kurasa kuwa PDF vilikuwa vinne, vya kushusha video vitatu, VPN za bure (za kupitisha intaneti yako kwenye mitambo ya mtu mwingine) mbili, na kimoja cha kutafuta kuponi za maduka ya Marekani. Kuponi za Marekani, Mbagala!

(Viendelezi ndilo jina utakaloliona ukiweka Chrome kwa Kiswahili. Mafundi wenzangu wengi husema ekstensheni. Ni kitu hichohicho: kijiprogramu kidogo kinachojipachika ndani ya kivinjari.)

Mimi sianzi kwa kufuta. Ninaanza kwa kupima, na vipimo ni viwili. Cha kwanza, fungua dirisha la hali fiche (incognito). Humo viendelezi havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe, kwa hiyo kama ukurasa unaokusumbua umefunguka upesi humo, mchawi umeshampata. Cha pili, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja ukiwa ndani ya Chrome. Litatokea jedwali linaloonyesha kila kichupo (tab) na kila kiendelezi kinakula kumbukumbu kiasi gani. Kwenye mashine ya mama, kimojawapo cha kushusha video kilikuwa kinakula kuliko vichupo vyote vilivyokuwa wazi.

Lakini uzito si jambo linaloninyima usingizi. Unapoweka kiendelezi, kivinjari hukuonyesha kisanduku cha ruhusa, na wengi wetu tunabonyeza kukubali kama tunavyobonyeza kukubali masharti ya bando. Sentensi ya kutazama ni ile inayosema kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Maana yake ni hiyohiyo iliyoandikwa: barua pepe unayoandika, namba ya NIDA unayojaza kwenye fomu, nywila ya benki kabla haijatumwa. Kiendelezi cha namna hii si mgeni wa sebuleni, huyu umemwingiza mpaka chumbani.

Na mgeni mwenyewe anaweza kubadilika akiwa ndani. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kizuri, nilikiwekea watu wengi kwa mikono yangu. Kilikuwa kinalaza vichupo usivyovitumia ili RAM ipumue. Mwaka 2020 aliyekitengeneza akakiuza, mmiliki mpya akaingiza mambo yake, na Februari 2021 Google wakakiondoa na kukizima kwenye mashine za watu kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza kitu kibaya; viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya, ukilala na kizuri unaweza kuamka na kibaya. Desemba 2024 yakawakuta Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake yenyewe ni kulinda data. Mfanyakazi wao alidanganywa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Chrome, wezi wakapata ruhusa ya kupandisha toleo lao, na toleo hilo likawafikia watumiaji siku ya Krismasi.

Ndiyo maana siku hizi ninaweka vichache sana, na kila ambacho kivinjari kinakifanya chenyewe sikitafutii kiendelezi. Kulaza vichupo? Chrome ina swichi yake ya kuokoa kumbukumbu kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji. Kuhakikisha tovuti zinafunguka kwa https, yaani kwa njia iliyofichwa wasiohusika wasisome? Kulikuwa na HTTPS Everywhere ya shirika la EFF, na wenyewe waliistaafisha Januari 2023 kwa sababu vivinjari vikubwa vilishaingiza kazi hiyo ndani. Kuhifadhi ukurasa kuwa PDF? Bonyeza Ctrl na P, chagua kuhifadhi badala ya kuchapa. Hapo vile vinne vya PDF vilikuwa havina kazi.

Kinachobaki kwangu ni viwili, na kimoja cha aibu.

Cha kwanza ni kizuia matangazo: uBlock Origin. Wengi wanadhani kazi yake ni kuondoa kero machoni. Kwetu sisi tunaonunua bando kwa siku, hoja ya kwanza ni MB: tangazo lililozuiwa halishuki kabisa, wala video yake inayojicheza, wala vifuatiliaji vyake. Hoja ya pili ni usalama. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba matapeli wananunua matangazo kwenye majibu ya utafutaji, wanaiga tovuti za kampuni halisi, na moja ya ushauri wao ilikuwa kutumia kizuia matangazo. Dukani kwa mama nimeona kijana akitafuta tovuti ya serikali na kubonyeza jibu la juu kabisa bila kusoma anwani. La juu lilikuwa tangazo.

Hapa kuna mkanganyiko wa kivinjari. Chrome imehamia kanuni mpya za viendelezi, Manifest V3, na kati ya 2024 na 2025 ikaviacha vile vya zamani, uBlock Origin kikiwemo. Zamani kiendelezi kilikuwa kinakagua kila ombi linapotoka na kuamua papo hapo. Sasa lazima kiwasilishe orodha ya kanuni mapema, kisha Chrome yenyewe ndiyo izuie. Kwa Chrome kuna uBlock Origin Lite, na kwa steshenari inatosha. Ukitaka kile kamili, tumia Firefox. Soma jina lote, tafadhali. Mwaka 2017 Adblock Plus bandia ilikaa kwenye duka la Chrome na kuwekwa na watu kama 37,000 kabla ya kuondolewa.

Cha pili ni Bitwarden, kitunza nywila. Ni cha bure na msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuukagua. Watu hukisifia kwa kukumbuka nywila, mimi ninakipendea kutokubali kujaza. Kinalinganisha anwani ya tovuti na ile uliyoihifadhi; ukiingia kwenye ukurasa wa bandia uliofanana na wa barua pepe yako hadi nembo, kinakaa kimya. Jicho lako linaweza kudanganywa na herufi moja, chenyewe hakidanganyiki na sura. Ukiona hakijazi mahali ambapo siku zote kinajaza, usijaze kwa mkono. Simama, soma anwani.

Cha aibu ni LeechBlock NG. Kinanipa dakika 10 kila saa kwa tovuti za habari za mpira, kisha kinafunga mlango. Msimu wa usajili ningekuwa sipati kazi yoyote.

Kwenye simu hadithi ni fupi: Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa upana Desemba 2023, na uBlock Origin kinafanya kazi humo vizuri.

VPN za bure nilizifuta bila mjadala. Mtu anayepitisha mawasiliano yako yote kwenye mitambo yake lazima ailipie mitambo hiyo, nawe hujamlipa.

Pale dukani kulikuwa na jambo lingine la kurekebisha. Chrome ilikuwa imehifadhi nywila za wateja, makumi kwa makumi, kila aliyeingia akaunti yake na kuondoka. Nilizifuta, nikazima ile hali ya kuuliza kama ihifadhi, nikamfundisha binti wa kaunta kumfungulia kila mteja dirisha la mgeni (Guest). Likifungwa, linaondoka na kila kitu, na humo hakuna kiendelezi kinachoingia.

Mashine ikakimbia. Mama akaifungua, akaitazama kwa muda, akauliza, "Sasa zile picha za bahari zangu ziko wapi?" Kumbe kimoja kati ya vile 17 kilikuwa kinamwekea picha ya ufukweni kila anapofungua kichupo kipya. Nikarudi dukani kwa Chrome, nikasoma ruhusa zake. Kiliomba kubadilisha ukurasa wa kichupo kipya tu, basi. Nikamrudishia.