Kujiona ukifunga bao si mazoezi ya akilini

"Mazoezi ya akilini nafanya, daktari. Kila usiku najiona nikifunga bao pale uwanja wa Bukhungu." Hiyo ni ndoto tu. Goti lililopasuliwa wiki 3 zilizopita halina haja na bao. Linataka msuli wa mbele wa paja uitike. Baada ya upasuaji wa ACL, kano iliyo ndani ya goti, uvimbe na maumivu huufanya mfumo wa neva uuzuie msuli huo, nao husinyaa upesi. Taswira, yaani kuliwaza zoezi kana kwamba unalifanya, husaidia hapo, kwa kuuzoeza ubongo kutuma amri ambayo mguu bado unaipokea nusunusu.

Kwa hivyo waza zoezi lile lile ulilopewa leo na fizio: kukaza paja, au kupanda ngazi. Kaa katika mkao wa zoezi lenyewe, si chali kitandani. Usijitazame kama shabiki aliye jukwaani. Uwe ndani ya mwili wako, uhisi uzito ukitua kisiginoni na paja likikaza. Kisha chukua saa. Ikiwa vidato 10 hukuchukua sekunde 12, kichwani pia viwe karibu 12. Ukimaliza kwa 4, umeruka hatua. Goti likiteguka ndani ya taswira (hutokea sana), simama, rudi kidato kimoja, upande polepole. Mara 5 hadi 10, dakika 10 kwa jumla, halafu fanya zoezi la kweli papo hapo. Akili ikihamia mechi ya Gor na Ingwe, acha, umechoka. Mbio na kukabana utaviwaza ukikaribia kuruhusiwa.

"Basi niache gym?" La. Mwaka 1992, watafiti Yue na Cole waliwapima watu wenye mikono mizima: waliowaza tu kukaza kidole kidogo waliongeza nguvu kwa asilimia 22 hivi, waliokikaza kweli asilimia 30.

"Taswira inaunga kano." Haiungi. Kano ina ratiba yake, na kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 huongeza hatari ya kuumia tena, hata kocha akibembeleza vipi.

"Ni mambo ya mastaa wa Ulaya." Unahitaji kiti na simu yenye saa.

"Nikifumba macho sioni kitu." Wapo wasioona picha kabisa. Fanya zoezi mara 3 kwa mguu usioumia, shika jinsi paja linavyohisi, kisha uhamishie hisia hiyo kwenye mguu ulioumia. Macho yakiwa wazi, sawa tu.