Mtoto wa mbwa aliyekufa usingizini

"Hapa kuna sumu, daktari." Ndivyo alivyonipokea mwenye mbwa, kabla hata sijashuka garini. German Shepherd wake wa miezi sita alikuwa amelala ubavu kwenye gunia lake kibarazani, miguu imenyooka kama anayeota. Jana yake jioni alikuwa akikimbizana na watoto uani. Hapakuwa na povu wala matapishi, na gunia halikuchakurwa. Aliyekula sumu hafi kistaarabu hivyo.

Nilimpasua palepale. Tumbo, ini, mapafu, vyote sawa. Moyo niliufungua chumba kwa chumba, vali kwa vali: moyo wa kuonyeshea wanafunzi. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, maana kwa mbwa wa aina hii, moyo kupendeza machoni hakuuondolei kesi.

Mwaka 1994 Sydney Moïse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza ugonjwa wa kurithi unaoua German Shepherd wachanga namna hiyohiyo. Kasoro haiko kwenye nyama ya moyo, iko kwenye umeme wake. Mbwa akilala, hasa baada ya kucheza sana au ikikaribia alfajiri, mapigo hupungua. Panatokea kimya kirefu kidogo kati ya pigo na pigo, kisha pigo la ziada linachomoza kutoka vyumba vya chini kabla ya zamu yake. Mara nyingi linapita tu. Siku ikiwa mbaya linavuta mengine nyuma yake, yanafululiza zaidi ya 300 kwa dakika, na moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu. Walipochimba zaidi wakakuta neva zinazouchangamsha moyo hazikusambaa sawasawa: sehemu nyingine zimepata, nyingine zimenyimwa.

Kinachonishangaza mpaka leo ni umri. Mapigo hayo huanza kuonekana karibu na wiki ya 12, hukolea kati ya wiki ya 24 na 30, halafu mbwa akivuka mwaka hupungua yenyewe. Anayefikisha miaka miwili kwa kawaida ameponea. Ameponea yeye, watoto wake bado.

Nikaomba namba za waliochukua ndugu zake wa tumbo moja. Wa tatu kumpigia, mama mmoja, alinyamaza kidogo. "Wetu alikufa mwezi uliopita, daktari. Tulisema ni nyoka."

Mwenye dume lililowazaa watoto hao aliposikia, akamleta mbwa wake huyo wa miaka minne apimwe. Tukamnyoa kifuani, tukambandika waya za Holter, kile kipimo kinachonakili mapigo kwa saa 24 (nilikiazima kwa rafiki anayetibu mioyo ya watu), tukamzungushia bandeji asikitafune. Majibu yakatoka safi. Jioni hiyohiyo bwana yule akaanza kuwatangazia wateja kwamba dume lake limepimwa. Nikamwambia huko ni kuutazama mto kiangazi kisha ukaapa kwamba haujawahi kufurika. Hatujaongea vizuri tangu siku ile.

Wengine hutaka nimalize kazi na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ya dakika chache pale mezani. Haisaidii. Mbwa amesimama, anaogopa, moyo unakimbia, na moyo unaokimbia huficha kasoro hii. Lazima alale, tena kwao.

Je, kipimo cha jeni? Kwa mbwa wa aina ya Rhodesian Ridgeback, kundi la Kathryn Meurs wa Chuo Kikuu cha North Carolina State lilitangaza mwaka 2019 badiliko kwenye jeni ya QIL1 linaloambatana na vifo vya ghafla vya wachanga. Kwa German Shepherd mambo si mepesi, kwani urithi unaonekana kubebwa na jeni zaidi ya moja. Kinachobaki mkononi ni kuufuatilia ukoo. Dawa zipo: mexiletine na sotalol zikitolewa pamoja hutuliza mapigo hayo kuliko kila moja peke yake, ila grafu kutulia si hakikisho kwamba mbwa ataamka.

Ndugu wawili waliobaki hapa mjini wametimiza wiki 27. Jumatano nawafunga kipimo, mmoja baada ya mwingine, na nimewaomba wenyewe wawaache wacheze mpaka wachoke kabla ya kulala.