Panya na mtu ndani sio walewale
Ile meseji ya "mchanganyiko huu umeshusha CRP kwa panya, na panya na mtu ndani ni walewale, tuma magrupu yote" inazunguka tena (CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukipata maambukizi au jeraha). Tulieni kidogo. Ukipata maambukizi au jeraha, ini linapokea ishara, kubwa ikiwa intalukini-6, halafu linamwaga protini za dharura kwenye damu, na hilo kwa panya lipo na kwa mtu lipo, ndo maana watu wanachanganya. Ila jeni kuwepo ni kitu kimoja, kuwashwa kwa nguvu ni kingine. CRP, ile daktari anayokuandikia upime, kwa mtu inaweza kupanda hata mara 1000 ndani ya siku mbili hivi. Kwa panya jeni yake ipo lakini inapanda kiduchu tu. Yeye anapandisha SAP, protini nyingine ya dharura, ambayo kwetu haichezi sana hata ukiumwa. Na panya wenyewe hawalingani: ukoo wa panya wa maabara unaoitwa C57BL/6 una SAP kidogo kiasili, DBA/2 unayo nyingi, wamerithi tu hivyo.

Kwa hiyo ukitumiwa, fungua utafiti wenyewe, soma pale wanapoeleza walivyofanya: ni panya au watu, ukoo gani, walipima protini gani. Hakuna hata linki? Basi usiforwadi jamani, na aliyekutumia mwambie kwa upole. Panya wa maabara wametusaidia sana, sio kwamba utafiti wao ni uongo, ni hatua ya mwanzo tu kabla ya kupima kwa watu.