Kupimwa usonji ukiwa mtu mzima Mombasa: kusanya utoto wako kwanza

Mtu mzima anayekuja kutafuta jibu kuhusu usonji (autism) huwa amejiandaa kueleza maisha yake ya sasa: kazi alizoacha, ndoa inayoyumba, uchovu unaomlaza siku nzima baada ya harusi moja tu. Hayo nayahitaji mimi ninayempima, lakini siyo yanayoamua. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu mwanzo wa maisha, kwa hivyo swali zito kuliko yote ni hili: je, dalili zilikuwako utotoni? Bila ushahidi wa miaka hiyo, mtaalamu makini atabaki na shaka hata kama mambo yote ya leo yanaelekea huko.

Kwanza vigezo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5, uliotoka 2013, unataka mambo matatu ya mawasiliano yawepo yote: ugumu wa kupokezana mazungumzo na hisia, ugumu wa kutumia na kusoma ishara za uso na mwili, na ugumu wa kujenga na kutunza uhusiano na watu. Kisha unataka angalau mawili kati ya manne: miondoko au maneno ya kurudiarudia, kung'ang'ania taratibu zilezile, kutekwa na jambo moja kupita kiasi, na hisi zilizo kali mno au butu mno, kama vile kuumizwa na sauti, harufu, mwanga au mguso wa nguo. Dalili ziwe zilianza mapema na ziwe zinayatatiza maisha ya mtu. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, haiko mbali na hapo. DSM-5 yenyewe inasema pia kwamba dalili zaweza kukosa kuonekana wazi mpaka maisha yadai zaidi ya uwezo wa mtu, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Kwa hivyo kumwambia mtu "wewe huna usonji, mbona una kazi na watoto" ni kosa la kitaalamu, hata likitoka kwa daktari.

Vigezo hivi havikuandikwa Pwani, na hapo ndipo tathmini nyingi huharibika. Kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee anaonyesha adabu. Hiyo si dalili. Ninachotazama ni kama macho yake hubadilika kulingana na aliye mbele yake: nyanya, rafiki, mtoto mchanga. Salamu nazo humficha mtu. Shikamoo ina jibu lake, habari za nyumbani zina jibu lake, na aliyelelewa vyema atakuwa amezikariri zote na kuzitoa bila kosa. Ugumu hujitokeza salamu zikiisha, pale maneno yanapohitaji kubuniwa papo hapo. Anayetoa uamuzi ndani ya dakika 20 za mwanzo amepima malezi. Wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa hili: msichana asiyesema, asiyetoka, asiyechanganyika na wenzake, huku kwetu husifiwa kwa haya, na hakuna anayeuliza kama kimya kile ni cha hiari.

Wengi huanza na hojaji za mtandaoni. AQ, iliyotoka Cambridge mwaka 2001, ina maswali 50, na alama 32 kwenda juu hutiliwa maanani. AQ-10 ni fupi, na mpaka wake ni 6. RAADS-R ina maswali 80, mpaka wake 65. Zote ni za kuchuja, haziamui, na wasiwasi wa kuwa mbele za watu pekee waweza kupandisha alama. AQ inauliza kama mtu huziona sana namba za magari. Karani wa bandari ya Kilindini ambaye kazi yake ni kusoma namba za makontena atajibu ndiyo kwa sababu ya mazoea. Inauliza pia kama afadhali maktaba kuliko sherehe, na hapo mwenye usonji aweza kukwama kabisa: sherehe ya nani, ya watu wangapi, kuna spika? Jaza hojaji, lakini kando ya kila jibu andika mfano mmoja wa maisha yako. Mfano huo una faida kwangu kuliko jumla ya alama.

Sasa utoto. Mahojiano rasmi ya mzazi yaitwayo ADI-R, yenye vipengele 93, hukazia sana umri wa miaka 4 hadi 5, kwa hivyo nawe lenga hapo. Usimuulize mama, "Nilikuwa na tabia zisizo za kawaida?" Atakwambia hapana, ama kwa kukukinga, ama kwa sababu ulifanana na babako, na babako ndiye kipimo chake cha ukawaida. Usonji una mizizi mikubwa ya kurithi, kwa hivyo jibu hili la pili lisikuvunje moyo. Uliza vitu vinavyoonekana. Nilianza kusema lini, na maneno ya kwanza yalikuwa yapi? Nikiitwa nilikuwa nikigeuka? Nilikuwa nikikuonyesha kitu kwa kidole ili tukitazame sote, au nilikuvuta mkono tu hadi kwenye kitu nilichokitaka? Siku ya Idd, watoto wakienda kwenye bembea Makadara, mimi nilikuwa wapi? Nguo gani nilikataa kuvaa, chakula gani nilitema? Tulipohama nyumba nilifanyaje?

Wazazi wakiwa wametangulia mbele ya haki, mtafute dada mkubwa, shangazi, jirani wa zamani, au maalim wa chuoni (madrasa). Maalim ni shahidi mzuri mno na hasahauliki kuulizwa ila kwa uzembe, maana alikuona kila siku ukiwa mdogo, kati ya watoto wengi wa rika lako. Aweza kukumbuka aliyehifadhi sura kwa wepesi lakini akawa hawezi kusoma pamoja na kundi, au aliyelia mkeka wake ukikaliwa na mwingine. Tafuta pia kitabu cha kliniki na ripoti za shule ya msingi. Kwenye ripoti, maoni ya mwalimu yaliyoandikwa chini yana uzito kuliko alama za hesabu. Kanda za video za harusi za zamani nazo ni hazina: mtoto aliyeziba masikio kando ya ngoma, au anayepanga vikombe huku wenzake wakicheza, haonekani kwenye cheti chochote.

Kama familia ilikusomea kisomo, ikakunywesha kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani) au ikakupeleka kwa mganga, usione haya kulisema. Hakuna wa kukuhukumu, na kisomo chaweza kuendelea kuwa faraja ya roho. Mimi nautaka umri: ukipelekwa ukiwa na miaka 3 kwa sababu "hasemi na hatazami watu", huo ni ushahidi wenye tarehe kwamba kuna aliyeona kitu mapema.

Kwa upande wa mahali, Hospitali Kuu ya Pwani ya Rufaa na Mafunzo ina kliniki ya afya ya akili, na Port Reitz ina kitengo chake. Ukienda kwa mtaalamu binafsi, hakikisha usajili wake: madaktari wako kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na sheria ya 2014 iliweka bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Muulize waziwazi kama huwatathmini watu wazima. Pima masikio kabla ya yote, ili kutosikia vizuri kusidhaniwe usonji. Omba mahojiano yafanywe kwa lugha inayokutoka ukikasirika, si ile ya ofisini. Kipimo cha ADOS-2, ambapo mtaalamu hukutazama ukizungumza na kufanya shughuli, kwa moduli ya 4 huchukua kati ya dakika 40 na 60. Kinasaidia, ila si sharti, na aliyezoea kuigiza wengine aweza kukipita. Kama huwa unazungusha pete au unatikisa mguu, usijizuie siku hiyo.

Uamuzi mbovu mara nyingi hutokana na kuchanganya hali. Mwenye wasiwasi wa kijamii huijua kanuni ya mazungumzo ila huogopa kuhukumiwa. Mwenye usonji aweza kukosa kanuni yenyewe hata akiwa ametulia. Mazoea ya kurudiarudia ya OCD (mawazo na vitendo vya kulazimika) humtesa mtu, ilhali ratiba ya mwenye usonji humtuliza. Athari za tukio la kutisha mara nyingi huwa na mwanzo unaojulikana. ADHD (ugumu wa kutulia na kuzingatia) nayo yaweza kuwepo pamoja na usonji. Kabla ya 2013 mwongozo wa DSM ulikataza kuyaandika yote mawili, na wapo wanaoushikilia ukatazo huo mpaka leo. Linalonitia hofu zaidi ni swali hili: "Je, husikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Mwenye masikio makali hujibu ndiyo kwa uaminifu, akimaanisha mngurumo wa friji ya jirani, kisha anaandikiwa dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili asio nao. Ukiulizwa, sema sauti ni ya nini na inatoka wapi.

Ripoti ikitoka, isiwe mstari mmoja wenye muhuri. Itaje vigezo kimoja kimoja na mifano yake, nani alihojiwa kuhusu utoto, hali nyingine zilizochunguzwa, na mapendekezo. Ikikosa utoto, irudishe iongezewe. Ripoti ya binafsi pekee haikusajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utahitaji pia tathmini ya ulemavu kutoka hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Aliyesajiliwa aweza kuomba KRA, mamlaka ya kodi, msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za mwanzo za mapato yake ya mwezi, na ombi hilo ni la peke yake, haliji lenyewe na kadi ya usajili.

Hakuna dawa inayoondoa usonji, kwa hivyo anayekuuzia mitishamba, mlo maalumu au sindano ya kuusafisha mwili anakula pesa zako. Dawa zipo kwa yanayoandamana nao: wasiwasi, huzuni nzito, kukosa usingizi, kifafa. Mengine ni kupanga mazingira. Vuka kivuko cha Likoni kabla ya msongamano wa asubuhi kama saa zako za kazi zaruhusu, beba vizibo vya masikio ndani ya matatu, na harusini kubaliana na wenyeji mapema kwamba utakaa saa moja kisha uondoke.

Kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Hulazimiki kumtajia bosi usonji siku ya kwanza. Omba kitu mahususi kwa maandishi: maagizo yaje kwa ujumbe badala ya mdomo, mabadiliko ya zamu yatangazwe siku mbili kabla, meza iwe mbali na mlango. Ombi likikataliwa ndipo uambatanishe ukurasa wa mapendekezo pekee. Historia yako ya utotoni haimhusu mwajiri, na mtaalamu wako aweza kukutolea ukurasa huo peke yake ukimwomba.